Somo: Kuchora ukuta wa Mji Mkongwe kwa chokaa halisi

Nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, Unguja, haichakai ovyo. Maji ya mvua hupenya kwenye paa lililokosa matengenezo, hulegeza chokaa iliyoshikanisha mawe ya matumbawe, kisha huozesha ncha za boriti za mikoko zilizozama ukutani. Kwa hiyo msanii anayetaka kuonyesha uchakavu na ukarabati wake asianze na ufa. Ajenge kwanza ukuta mdogo juu ya ubao kama mwashi, ndipo aubomoe kama mvua.

Hatua ya kwanza ni kutazama. Pale ufukweni ipo Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Mwendo mfupi kutoka hapo ipo Zahanati ya Zamani, iliyokarabatiwa katika miaka ya 1990. Chora zote mbili kwa penseli, na kando ya kila doa andika maji yalikotokea. Usiharakishe hatua hii, kwa kuwa ndiyo itakayokuongoza utakapoanza kubomoa.

Hatua ya pili, gandisha kipande cha gunia juu ya plaiwudi nene kwa gundi ya mbao, ili lipu ipate pa kushikilia.

Hatua ya tatu, changanya sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji ikapoa) na sehemu 3 za mchanga laini uliochekechwa, ukivaa glavu na miwani kwa sababu chokaa huunguza. Lowesha gunia, paka tabaka jembamba kwa mwiko, uliache likauke polepole kivulini. Kisha pitisha matabaka ya chokaa nyepesi: jekundu na la manjano yaliyotiwa oksaidi (unga wa rangi), na la mwisho jeupe. Kila rangi ni kizazi cha wakazi waliowahi kuipaka nyumba yao, nami huona hapo ndipo heshima ya kazi hii ilipo.

Hatua ya nne, bomoa kwa kufuata madoa uliyoandika. Nyunyiza maji kuanzia juu, kwangua kwa kisu butu, na palipolowa zaidi fika hadi kwenye gunia.

Hatua ya tano, ziba sehemu moja kwa lipu mpya na uiache bila rangi, mtazamaji aione wazi kuwa ni ya leo.

Maswali ya wanafunzi

*Mwalimu, huku kwetu saruji ndiyo rahisi kupatikana. Naweza kuitumia badala ya chokaa?*

Hapana, ndugu yangu. Saruji ni ngumu mno kukwanguka, na hata kwenye nyumba zenyewe lipu ya saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta uliozoea kupumua kwa chokaa.

*Je, si kudhalilisha watu kuchora nyumba zao mbovu?*

Ni udhalilishaji ukiwaondoa wenyewe kwenye picha. Piga hodi, omba ruhusa, uliza nani aliziba ufa ule na kwa nini. Majibu yao yatakuonyesha kiraka cha hatua ya tano kikae wapi.

*Lipu yangu inapasuka yenyewe kabla sijaigusa.*

Imekauka haraka, au umeipaka nene. Punguza unene, iepushe na jua na upepo, na uinyunyizie maji kidogo asubuhi na jioni.