Somo: Kupanga kazi ya utafiti kwa giza na mbalamwezi

Ndugu wanachama, baadhi yenu mliniomba nieleze ninapata wapi muda wa kuandika ilhali usiku wangu huishia mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki. Kazi yangu hapa Kigoma ni kupima mavuno ya dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika, lakini naamini hatua hizi zitamfaa pia anayehoji wakulima wa tumbaku kule Urambo. Kwa muda mrefu nilijilaumu kwamba ni mvivu wa kuandika, kumbe ratiba niliyojiwekea ndiyo iliyokuwa ikipingana na kazi.

Hatua ya kwanza ni kuujua mzunguko wa kile unachokichunguza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hizo huwavuta vizuri anga likiwa na giza. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, mwanga wake huzishinda taa, na wavuvi wengi huvuta mitumbwi ufukweni, wakarekebisha nyavu na kupumzika. Mzunguko huo ni wa siku 29 na nusu hivi, wala haujali Jumatatu wala Ijumaa. Mimi nilikuwa nimepanga kuandika kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, na Jumatatu zilizoangukia gizani nilikaa mezani nikisinzia, kwa kuwa alfajiri hiyo hiyo nilikuwa nimetoka mwalo wa Kibirizi. Sasa siku za giza ni za kupima peke yake, na siku saba au nane za mbalamwezi ni za kuandika. Nimezizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani, na hata mwaliko wa kikao nauangalia kwanza kwa duara hizo. Anayehoji wakulima afuate msimu wao vivyo hivyo, asimwendee mtu anayekesha kwenye bani akikausha majani.

Hatua ya pili ni daftari, na hapa naomba mnivumilie nikawie kidogo, kwa sababu makala nyingi hufia hapa. Andika kwa penseli. Usiku mmoja niliweka daftari juu ya kreti iliyokuwa ikichuruzika maji, na kulipopambazuka wino wa kalamu ulikuwa umetapakaa ukurasa mzima, ukabaki wingu la buluu mahali palipokuwa na vipimo vya mitumbwi kumi na mmoja. Andika pia kipimo chenyewe, si idadi tu. Niliwahi kuandika “ndoo 7” nikaridhika, na miezi miwili baadaye sikuweza kujua kama ndoo hizo zilisawazishwa mdomoni au zilijazwa kwa lundo, nao uzito wake hutofautiana sana. Siku hizi napima ndoo moja ya kila mtumbwi kwenye mizani na kuandika kilo zake pembeni. Zaidi ya hayo, usiache nafasi tupu. Mtumbwi uliokwenda ziwani ukarudi bila samaki unastahili sifuri; mtumbwi ambao hukuufikia kabla haujauza unastahili alama nyingine kabisa, kwa sababu ukiviacha vyote viwili vitupu utakuja kukokotoa wastani wa uongo bila kujua.

Hatua ya tatu: hamishia data kwenye jedwali la kompyuta siku hiyo hiyo, kabla hujasahau, na upige picha ya ukurasa kwa simu. Weka nakala mahali patatu, na mahali pamoja kati ya hapo pasiwe nyumbani kwako.

Hatua ya nne: chini ya kila siku andika sentensi tatu za ulichokiona ambacho hakina safu kwenye jedwali, na uziandike kwa lugha ambayo macho yako yanaona nayo. Jirani zetu wa Hifadhi ya Gombe wanatupa mfano mzuri. Uchunguzi wa sokwe ulioanzishwa na Jane Goodall mwaka 1960 umeendelezwa siku hadi siku na wasaidizi wa utafiti Watanzania, ambao wamekuwa wakiandika kumbukumbu zao kwa Kiswahili. Tafsiri hufuata baadaye. Ikifika mbalamwezi, sentensi zangu hizo ndizo huwa mwanzo wa rasimu, kwa hiyo sikai mbele ya ukurasa mweupe.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kasulu: Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha sekondari huku nikisoma shahada ya uzamili. Sina mbalamwezi, kila siku ni vipindi na madaftari ya kusahihisha.

Jibu: Marahaba, dada. Mzunguko wako ni muhula. Wiki za mitihani usijidai utaandika. Soma na kunukuu tu. Wiki za likizo zizungushie duara mapema, na uwaambie wa nyumbani kabla hazijafika, maana wasipoambiwa watakupangia safari.

Mwanachama wa Tabora mjini: Kaka, msimamizi wangu hukaa na rasimu miezi miwili. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, punguza unachompelekea. Sura nzima huahirishwa, lakini kurasa tano zenye maswali mawili yaliyoandikwa juu kabisa hujibiwa mapema zaidi. Taja tarehe utakayoendelea na kazi, na ikifika endelea kweli, ukianza na sehemu isiyotegemea jibu lake.

Mwanachama wa Ujiji: Mwaka 2024 uvuvi wa ziwani ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ulijaza nini kwenye jedwali miezi hiyo, na ulitumiaje muda wako?

Jibu: Swali zuri sana, mzee wangu. Sikujaza sifuri, kwa sababu sifuri ingesema kwamba watu walivua wakakosa. Siku zote hizo zina herufi F, yaani kumefungwa, na maana yake imeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari ili atakayelirithi asikisie. Muda wenyewe niliutumia kurudia madaftari ya nyuma ukurasa kwa ukurasa nikiyalinganisha na jedwali, na ndipo nilipozikuta zile “ndoo 7”. Safu hiyo niliiondoa kwenye makala, nikaeleza sababu katika sehemu ya mbinu.