Somo: Upepo wa milimani, na kwa nini tandala anakukimbia kabla hujamwona

Wakuu, nimechoka kujibu hili faraghani: anakukimbia kwa sababu upepo unampelekea harufu yako. Atakayeuliza tena namrushia uzi huu.

1. Leseni mfukoni, askari wa wanyamapori pamoja nawe.

2. Majivu laini kwenye soksi kuukuu. Itikise, tazama yanakoelekea.

3. Alfajiri hewa ya mteremkoni ni baridi na nzito, inatiririka bondeni kama maji. Basi mfuate mnyama kutokea chini. Jua likishapasha mawe, hewa inapanda. Hapo mfuate kutokea juu.

4. Saa ya kugeuka. Hapa niliharibu mwenyewe, pori la akiba la Rungwa, Tanzania. Dume la tandala juu yangu, nimepanda tangu saa kumi na mbili na nusu, ubaridi unanipiga usoni safi kabisa. Kwenye saa tatu, zimebaki hatua kama mia, majivu yakasimama. Yakazunguka. Nikajiambia nimalizie haraka. Mara kisogo kikapata baridi, tandala akabweka mara moja, kwisha habari. MAJIVU YAKISIMAMA, NAWE SIMAMA. Rudi nyuma, kaa, subiri hewa ichague upande. Na ujue miteremko haigeuki pamoja: unaotazama mashariki hupata jua kwanza, wa magharibi na makorongo yenye kivuli bado yanashusha. Ukivuka mgongo wa kilima, pima upya.

5. Jioni kinyume chake: hewa inaacha kupanda, inaanza kushuka.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo asubuhi nikae juu au chini?
Namba 3.

— Nikijipaka kinyesi cha nyati si harufu yangu inapotea?
Haipotei. Sasa mnanuka wawili.

— Siku ya mawingu je?
Swali zuri. Bila jua mteremko haupati joto, ule upepo wa kupanda unakuwa dhaifu, basi upepo mkuu wa siku ndio unaotawala. Ila upepo huo ukivuka mgongo wa kilima hujikunja upande wa pili na kurudi juu. Unaweza kuona matawi ya kileleni yanakwenda huku, majivu yako yanakwenda kule. Amini majivu.

— Niko Kenya, linanihusu?
Kwenu uwindaji umefungwa tangu 1977, lakini hata mpiga picha anatoa jasho. Linakuhusu.

— Mimi natumia poda ya mtoto.
Yenye manukato? Haya.

— Jaribuni usufi. Majivu yanapotea hatua mbili tu, usufi unauona mpaka kule unakojikunja.
Hili sikulijua. Leo mto mmoja wa nyumbani unapasuliwa, mama watoto asisome hapa.