Kunywesha mpunga kwa zamu: bomba la sentimita 30 katika mashamba ya Ruzizi

Mashamba ya mpunga ya bonde la Ruzizi, kati ya Kamanyola na Uvira mashariki mwa Kongo, yanategemea mito midogo inayoshuka kutoka milima ya Mitumba. Kiangazi kikianza, mwezi wa Juni, mito hiyo hupungua na ugomvi wa mitaro huongezeka. Mwongozo huu ni kwa wewe unayeishi Bukavu na jaruba zako ziko Luberizi au Sange, na kwa yule anayekusimamizia shamba. Mpunga unavumilia maji juu ya udongo, lakini hauyahitaji hapo kila siku. Unachohitaji ni maji yanayofikiwa na mizizi. Kunywesha kwa zamu ni kuacha maji yashuke kidogo chini ya udongo kabla ya kujaza tena, na bomba lenye matundu lililozikwa shambani linakuonyesha yamefika wapi.

1. Sawazisha jaruba. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, halafu wanalaumu bomba. Wakati wa kuvuruga tope, ingiza maji kidogo, kisha angalia: vichuguu vinavyotokeza juu vikwangue, peleka udongo kwenye mashimo. Tofauti kati ya sehemu ya juu na ya chini isipite sentimita 5. Ikizidi, upande mmoja utakauka na kuota magugu huku mwingine ukiwa bado bwawa. Ziba pia matundu ya panya na kaa kwenye matuta.

2. Tengeneza bomba. Kata bomba la plastiki la maji machafu, lenye upana wa sentimita 10 hadi 15, urefu sentimita 30. Kadutu, mjini Bukavu, utapata vipande vilivyobaki kwa wajenzi. Mwanzi mnene pia unafaa. Kwa msumari uliopashwa moto, toboa sentimita 20 za chini pande zote, matundu ya milimita 5, kila moja sentimita 2 kutoka kwa mwenzake. Sentimita 10 za juu usizitoboe.

3. Lizike. Sehemu yenye matundu iingie yote ardhini, sentimita 10 zibaki juu. Chota udongo wote wa ndani hadi uone mwisho wa bomba. Chagua mahali pa wastani, si pa juu wala pa chini, karibu na tuta ili anayepima asikanyage mpunga. Ukishajaza jaruba, linganisha maji ya ndani na ya nje. Kama baada ya saa chache hayalingani, matundu yamezibwa na tope: ling'oe, lioshe, lizike tena.

4. Anza zamu. Baada ya kupandikiza, acha maji kidogo juu kwa wiki mbili ili miche ishike na magugu yasipate nafasi. Kama magugu ni mengi, ongeza wiki moja ya maji. Kisha funga mlango wa maji na upime kwa fimbo yenye alama ndani ya bomba. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, fungulia hadi yafike sentimita 5 juu. Kwenye jaruba la ari 10 (mita za mraba 1,000), hizo sentimita 5 peke yake ni mita za ujazo 50, yaani bidoni 2,500 za lita 20, bila kuhesabu maji ya kulowesha udongo wenyewe.

Usiende chini ya sentimita 15 kwa tamaa ya kuokoa zaidi. Udongo wa mfinyanzi utapasuka, na maji yatakayorudi yatapotelea kwenye nyufa. Kama shamba lako ni la mchanga na maji yanashuka siku moja tu, njia hii haitakupa faida kubwa. Na kama maji ya ndani ya bomba hayashuki kabisa, maji ya ardhini yako karibu. Funga mutaro tu.

5. Simamisha zamu wakati wa maua. Tangu wiki moja kabla ya maua hadi wiki moja baada yake, weka sentimita 5 za maji bila kukatiza. Kiu ya siku chache hapa hutoa masuke yenye makapi.

6. Urea mwage kwenye udongo usio na maji juu, kisha fungulia maji hapo hapo. Ukiimwaga halafu ukaacha udongo ukauke, nitrojeni inapotea.

Sasa, kwa nini jirani hataki? Mara nyingi ana sababu. Kama mchango wa maji unalipwa kwa ukubwa wa shamba, anayetumia nusu analipa sawa na anayejaza kila siku. Mwenye pompa ya mafuta huelewa haraka, maana bidoni ya mazutu inamwambia. Wa mwisho kwenye mutaro naye hafungi mlango kama hana hakika kwamba maji yatarudi; kwake jaruba lililojaa ni akiba. Kwa hiyo anzeni na komite ya mutaro: zamu ya kila mmoja kupata maji ijulikane kwa siku na kwa tawi la mutaro, na wa chini wapewe zamu ya kwanza.

Kama zamu yenu ya kupata maji ni kila baada ya siku 7, usingoje alama ya sentimita 15. Pima siku ya zamu: ukikuta maji yako sentimita 8 chini na huna hakika yatatosha hadi zamu ijayo, chukua maji yako.