Kuchora nyumba kwa SketchUp Make 2017 kwenye Linux Mint

Nyumba ninayojenga Kigamboni nimeichora yote kwa SketchUp Make 2017, toleo la mwisho la bure la kusakinisha kwenye kompyuta. Ni la matumizi binafsi tu, si la kazi ya kulipwa. Lilitengenezwa kwa ajili ya Windows na Mac, lakini kompyuta yangu ina Linux Mint, kwa hiyo naliendesha kwa Wine, inayopokea maagizo ya Windows na kuyageuza yaeleweke na Linux.

Kabla ya yote, pima grafiki kwa kuandika amri hizi kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri). Watu huruka hatua hii, programu ikigoma wanailaumu Wine.

sudo apt install wine winetricks mesa-utils
glxinfo -B

Tafuta mstari wa OpenGL version (OpenGL ndiyo njia ambayo programu huchorea picha za 3D kupitia kadi ya grafiki). SketchUp 2017 inataka 3.0 kwenda juu. Ukiwa chini ya hapo, shughulikia draiva kwanza. Usipoteze bando kupakua mengine.

Sasa itengee programu folda yake. Hili nalisisitiza sana: kila programu ya Windows ikae kwake, maana kinachoitibu moja huweza kuivuruga nyingine.

export WINEPREFIX=~/.michoro
winecfg

Kwenye dirisha litakalofunguka chagua Windows 10, kisha funga. Ukibaki kwenye terminali hiyohiyo, endelea:

winetricks corefonts dotnet452

Fonti ni za maandishi ya vipimo; .NET 4.5.2, kifurushi cha Microsoft ambacho programu nyingi za Windows hukitegemea, inatakiwa na SketchUp yenyewe. Hapa pana subira, na madirisha ya kukubali masharti yatakuja moja baada ya jingine. Yakiisha:

wine ~/Downloads/sketchup.exe

Weka jina halisi la faili lako la kusakinisha SketchUp, na liwe la biti 64. Usitangulize sudo kamwe mbele ya wine: mafaili yatamilikiwa na root (msimamizi mkuu wa mfumo) na programu itashindwa kuyaandika.

Ikifunguka na kujifunga, iwashe kupitia terminali usome mistari ya mwisho. Neno fixme mara nyingi halina madhara. Err ndilo la kufuatilia.

Michoro ihifadhi nje ya .michoro. Ndani ya SketchUp, diski Z: ndiyo Linux yako nzima, hivyo ingia Z:, home, jina lako, Documents. Siku ukitaka kuanza upya unafuta folda ya .michoro, na ramani inabaki salama.