Kuiandika filamu iwe riwaya: niliyojifunza kwenye karafuu za Wete

Mtoto wa ami yangu alitengeneza filamu ya dakika 22 kuhusu mzee wa hapa Wete, Pemba, aliyeanika karafuu zake, mvua ikazikuta uwanjani yeye yuko msikitini. Akaniomba niiandikie riwaya. Wiki ya kwanza niliandika kila kilichokuwa kwenye skrini: mzee katoka, mzee kaingia, wingu limetanda. Kurasa 30, nikazitupa zote. Nawe ukitaka kuifanya kazi hii, usianzie hapo.

Itazame filamu mara mbili tatu, kisha izime. Chukua daftari uandike yale ambayo kamera haikuyafikia: harufu, mawazo, na mambo yaliyotokea kabla ya picha ya kwanza. Riwaya utaitoa humo.

Filamu yetu ina sekunde nane za wanawake wanaochambua karafuu usiku. Kwangu mimi sekunde hizo zimekuwa sura nzima, maana kazi ile naijua kwa viganja vyangu. Unashika kishada, unakibinya na kukizungusha kwenye kiganja cha pili. Karafuu zinadondoka huku, makonyo, yaani vijiti vya kishada, unayatupa kule. Haupiti muda mrefu kiganja kimekuwa cheusi, kinanata, na ukijisahau ukafikicha jicho utatoka machozi. Mikono inakwenda na midomo inakwenda: posa, madeni, nani kavuka Unguja na hajarudi. Kwenye filamu mke wa mzee hasemi hata neno moja. Nikamkalisha kwenye mkeka ule, nikamwacha amsikie wifi yake akitaja deni ambalo mumewe kamficha. Basi mvua inaponyesha, msomaji keshajua kuwa karafuu zile zimeliwa kabla hazijauzwa.

Halafu tafuta penye tundu, yaani jambo ambalo hadithi haikulieleza. Mtazamaji hupitishwa mbio, lakini msomaji anaweza kufungua tena ukurasa wa nyuma na kukuuliza. Katika filamu ya Fantastic Voyage ya mwaka 1966, watu wanapunguzwa wakawa wadogo mno, wakaingizwa na nyambizi yao ndani ya mwili wa mgonjwa. Muda ukiisha, kila kilichopunguzwa kinarudia ukubwa wake. Walionusurika wanatoka, nyambizi inabaki humo humo! Mwandishi Isaac Asimov alipoiandika kitabu, alihakikisha na mabaki ya nyambizi yametolewa. Sisi tundu letu lilikuwa hili: nyumba ina watu, kwa nini karafuu hazikuanuliwa? Nilihangaika nalo siku nne. Kwanza nikawapeleka wote mazikoni, nikaona ni ujanja mtupu. Mwisho nikaelewa kuwa mke alikuwepo. Aliliona wingu likija, naye akabaki amekaa kibarazani.

Hapo hadithi ilichepuka, na wala si vibaya. Mwandishi Arthur C. Clarke na mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick waliijenga hadithi ya 2001: A Space Odyssey pamoja, lakini katika filamu ya 1968 safari inaelekea sayari ya Mshtarii, na kwenye kitabu cha Clarke inafika Zohali. Ila ukichepuka, mwambie mwenye filamu kabla hujaendelea. Na ruhusa ya kuigeuza kazi yake muiandike, mtie saini nyote wawili, hata kama mmelelewa nyumba moja. Sisi tuliandikiana karatasi moja tu, ikatosha.

Maneno ya wahusika usiyahamishe yote kama yalivyo. Mwigizaji akisema "haya" huku kainamisha kichwa, umeelewa. Kwenye karatasi "haya" hiyo ni tupu mpaka uiandikie kile kichwa.

Nilimsomea mtoto wa ami sura ya mvua, kibarazani kwetu, baada ya magharibi. Alinyamaza muda, kisha akaniuliza, "Dada, alikaa makusudi?" Nikamwambia ndiyo. Akaniomba nirudie kumsomea tangu wingu lilipoanza.