Jinsi ya kufuatilia rekodi ya mdudu katika machapisho ya enzi ya ukoloni

Ukitaka kujua mdudu fulani aliandikwa lini kwa mara ya kwanza kwenye kahawa ya Thika au pamba ya Buganda, usianzie kwenye majalada ya nyaraka. Utamaliza wiki ukipekua barua za mishahara na maombi ya likizo. Anza na machapisho, kisha rudi nyuma hadi kwenye barua. Mdudu mwenyewe alipita njia hiyohiyo: ofisa wa kilimo alimtuma London, huko akapewa jina, jina likachapishwa, na nakala ya jarida ikarudi Afrika kwa meli.

Njia hiyo ilitengenezwa na serikali. Mwaka 1909 Wizara ya Makoloni ya Uingereza iliunda kamati ya utafiti wa wadudu wa Afrika ya kitropiki, mwenyekiti wake akiwa Lord Cromer. Mwaka 1910 kamati ikaanzisha jarida la Bulletin of Entomological Research. Mwaka 1913 ikageuzwa kuwa Imperial Bureau of Entomology chini ya Guy Marshall, na mwaka huohuo likaanza jarida la pili, Review of Applied Entomology, lililochapisha mihtasari ya kazi za watu wengine kutoka duniani kote. Gharama zilitoka kwenye michango ya serikali za makoloni. Hilo liweke kichwani tangu mwanzo: waliotoa fedha walitaka kulinda kahawa, pamba, mkonge na ng'ombe. Mdudu wa kunde au wa mtama anaweza kukosekana kwenye majarida haya kwa miaka mingi huku akiwa amejaa mashambani.

Kusanya majina kwanza

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Jina la kisayansi unalolijua leo mara nyingi silo lililochapishwa wakati ule. Kimatira wa kahawa ataandikwa Antestia. Leo yuko kwenye jenasi Antestiopsis, na ndani ya lile jina la zamani kuna spishi zaidi ya moja.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni vidung'ata wa kahawa nchini Kenya, wale wadudu weupe wenye unga. Walipolipuka katika miaka ya 1920 walidhaniwa kuwa spishi inayojulikana kutoka Asia, Pseudococcus lilacinus, na maadui wao wa asili wakaenda kutafutwa huko. Juhudi hizo hazikuzaa matunda. Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu R. H. Le Pelley aliwatenga kama spishi ya Kiafrika, Pseudococcus kenyae. Baada ya hapo nyigu wadogo wanaowashambulia wakachukuliwa kutoka Uganda, wakaachiliwa Kenya mwaka 1938, na balaa likapungua sana. Leo mdudu huyo anaitwa Planococcus kenyae.

Sasa angalia maana yake kwako. Ukitafuta Planococcus kenyae kwenye faharasa ya mwaka 1928, hutapata kitu. Ukitafuta lilacinus utapata, lakini rekodi hiyo haithibitishi kwamba spishi ya Asia ilikuwapo Kenya. Kwa hiyo andika kwenye karatasi moja kila jina ambalo mdudu wako amewahi kupewa, pamoja na mwaka wa kila jina na majina aliyopewa kimakosa, halafu tafuta yote.

Kuna njia ya mkato kwa wadudu wa mazao. Le Pelley huyohuyo alitayarisha orodha ya wadudu wanaokula mimea Afrika Mashariki, Agricultural Insects of East Africa, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1959. Inaonyesha mimea wanayoishambulia, maadui wao, nchi walikopatikana, na maandiko yaliyowataja, hasa kati ya 1908 na 1956. Ukiipata maktaba, umeokoa nusu ya safari. Ila majina yake ni ya 1959, na baadhi yamebadilishwa tangu hapo.

Ingia kwenye mihtasari

Review of Applied Entomology ina safu mbili: A ni ya kilimo, B ni ya tiba na mifugo. Mbung'o, mbu na kupe wako B. Watu hutafuta mbung'o kwenye A, wanakosa, wanakata tamaa.

Kupata mwaka wa juzuu ni hesabu rahisi: ongeza 1912 kwenye namba ya juzuu. Juzuu la 23 ni la 1935. Kwa Bulletin, katika miaka ya 1930 ongeza 1909, hivyo juzuu la 26 ni la 1935. Kabla ya hapo hesabu hiyo haifai, maana majuzuu mengi yanavuka mwaka: la 10, kwa mfano, ni la 1919 hadi 1920. Chukua tarehe ya toleo lenyewe, usichukue ile ya jalada la juzuu.

Anza na faharasa iliyo mwisho wa juzuu. Tafuta kwa jenasi, halafu kwa zao, halafu kwa nchi. Ukipata muhtasari, usiishie hapo. Muhtasari umeandikwa na mtu wa London ambaye hakuliona shamba, na idadi ya miti au kimo cha mahali huachwa nje. Nakili marejeo yake, kisha tafuta makala yenyewe. Baadhi ya majuzuu ya mwanzo ya Bulletin yamewekwa bure kwenye Biodiversity Heritage Library.

Kwa malale na mbung'o kabla ya 1913 kuna mlango mwingine: Sleeping Sickness Bureau ya London, iliyoanza 1908 na taarifa zake yenyewe. Kuanzia 1912 kazi hiyo iliendelezwa na Tropical Diseases Bulletin. Kwa mbung'o wa Tanganyika, usipite bila kuangalia kazi kubwa ya mwaka 1936 ya Charles Swynnerton, mtafiti wa mbung'o wa Shinyanga. Ina zaidi ya kurasa 500, na iko kwenye jarida la Transactions la chama cha wataalamu wa wadudu cha London, nje kabisa ya majarida ya serikali.

Mahali, vipimo na lebo

Fort Hall ni Murang'a, Wilhelmstal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Abercorn ni Mbala ya Zambia. "British East Africa" ikawa Koloni la Kenya mwaka 1920. "German East Africa" ilijumuisha Rwanda na Burundi, kwa hiyo rekodi yenye jina hilo pekee usiipeleke Tanzania bila ushahidi mwingine.

Kimo kiko kwa futi: futi 5,000 ni mita 1,524. Galoni ni ya Uingereza, lita 4.546, wala si ile ya Marekani. Maelekezo ya dawa za arseniki utayakuta mengi. Nakili kama historia, usimpe mkulima.

Kwenye lebo za vielelezo, yaani wadudu waliohifadhiwa makumbusho, mwezi huandikwa kwa namba za Kirumi: 12.iv.1911 ni tarehe 12 Aprili. Lebo ya pili yenye maneno "Pres. by Imp. Bur. Ent." na mwaka baada ya "Brit. Mus." huonyesha mwaka ambao makumbusho ya London yalipokea kielelezo. Mwaka wa kukamatwa uko kwenye lebo nyingine, na mara nyingine hakuna kabisa.

Kabla ya Waingereza

Kwa Tanganyika, rekodi za zamani zaidi ziko kwa Kijerumani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara, kilianzishwa 1902, na jarida lake Der Pflanzer lilianza 1905. Yaliyochapishwa yanasomeka kwa kamusi na subira. Barua za mkono ni shida nyingine, kwa sababu mwandiko wa Kijerumani wa wakati ule unahitaji mtu aliyejifunza kuusoma. Majalada ya Kijerumani yapo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Mwisho, barua

Nenda kwenye nyaraka ukiwa na jina la ofisa, mwaka na wilaya. Nairobi na Dar es Salaam zina majalada ya idara za kilimo. Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, zipo barua kati ya magavana na Wizara ya Makoloni, chini ya namba hizi za majalada: CO 533 kwa Kenya, CO 536 kwa Uganda, CO 691 kwa Tanganyika. Omba kwanza majalada ya mwaka mmoja au miwili kabla ya makala kuchapishwa, kwani kielelezo kilisafiri na kusubiri jina. Ukiandika matokeo yako, weka jina kama lilivyochapishwa, jina la sasa, aliyelithibitisha, na mahali kwa majina yote mawili, la zamani na la sasa.