Mtoto amepewa tarehe ya kliniki ya afya ya akili: namna ya kufika siku hiyo

Nakaa mapokezi ya kliniki ya afya ya akili ya watoto, na wazazi wasipomleta mtoto siku ya tarehe yake, mimi ndiye ninayewapigia simu. Kuna wenzangu wanaosema ni uzembe wa wazazi. Ninavyowasikia kwenye simu, sikubali.

Jibu ninalopewa zaidi ni hili: "Alishapata nafuu." Kati ya rufaa na tarehe huweza kupita wiki nyingi, na shida za watoto hupanda na kushuka. Aliyekuwa hapati usingizi usiku, leo anacheza, basi mzazi anaona atapoteza muda wa daktari bure. Kwa hiyo, siku ile ile unapopewa tarehe, andika kilichokufanya uombe msaada: usingizi umeharibika tangu lini, shule anakataaje, alitamka nini akiwa na hasira. Nyumba ikitulia ukataka kughairi, isome karatasi hiyo kwanza, kisha uje nayo. Mtoto aliyetulia ndiye anayeweza kuzungumza.

Hofu zao watu hawazisemi mpaka niwaulize. Tutalaumiwa? Ataitwa kichaa? Atapewa dawa? Tupigieni mtuulize mapema. Siku ya kwanza kwa kawaida ni maswali tu: ukuaji wake, shule, usingizi, anaishi na nani.

Mtoto usimwambie mnakwenda kutembea. Akifika getini akagundua, utamvuta mkono na hatakuamini tena. Mdogo mwambie siku moja kabla: "Tunakwenda kuonana na mtu anayesaidia watoto wenye mawazo yanayowasumbua. Nitakuwa nawe." Kijana mwambie mapema zaidi, na ajue anaweza kuomba kuzungumza peke yake. Akigoma kabisa, tuulize kama unaweza kuja bila yeye. Kliniki nyingi hukubali kuanza na mzazi.

Halafu kuna yule mtu mzima mwingine wa nyumbani, baba au bibi, asiyeafiki. Pingamizi lake hulitoa asubuhi ya safari, wakati viatu vimeshavaliwa. Zungumza naye mapema.

Ruhusa ya kazini, nauli, wa kubaki na wadogo: panga wiki iliyotangulia. Hifadhi namba yetu, maana namba ngeni wengi hamzipokei. Ukiona haitawezekana, sema, tukubadilishie. Hata ukiwa umeshaikosa, piga. Sitakuuliza kwa ukali.

Ila mtoto akianza kuzungumzia kufa au kujidhuru, usingoje tarehe. Mpeleke hospitali, idara ya dharura, saa hiyo hiyo, na usimwache peke yake njiani.